Tulichozika Ijuganyondo

Nyumba ya Ukimya
Nshamba, Muleba
Jumamosi, 8 Machi 2025

Mama mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimefika salama. Hii ni barua ya kwanza ninayokuandikia tangu nilipoolewa kwenu, maana miaka kumi na mbili yote tumekuwa tukizungumza jikoni, wewe kwenye kigoda na mimi kwenye gunia la maharage. Simu yangu wameichukua langoni na kuiweka kwenye bahasha yenye jina langu. Barua zinaruhusiwa. Mustapha, dereva wa pikapu ya nyumba hii, anashuka Bukoba kila Jumamosi kununua mahitaji, na ameahidi kupita Ijuganyondo kukuletea barua na kuchukua majibu.

Nimepewa chumba cha tatu, kinachopakana na ukuta wa kanisa dogo. Kina kitanda, meza, kiti, msalaba na dirisha moja. Tunaamka alfajiri, tunasali, tunafanya kazi bustanini hadi saa nne, kisha kila mtu anarudi chumbani kwake kusoma. Hakuna anayezungumza isipokuwa siku ya Jumapili mezani. Tuko wanane, na watano kati yao bado siwajui majina.

Ulitaka kujua nitasoma nini Kwaresima nzima, ukasema kama vitabu vya kufundishia Historia havijanitosha basi mimi sitoshelezeki. Nasoma juu ya wanawake wa Ulaya ya zamani, miaka mia sita au saba iliyopita, walioomba kufungiwa maisha yao yote katika chumba kilichojengwa ubavuni mwa kanisa ili wabaki na Mungu peke yake. Siku ya kuingia walisomewa sala za wafu wakiwa hai. Baada ya hapo mlango ulifungwa, na wa wengine ulizibwa kwa mawe. Walibakiwa na dirisha la kuonea altare na dirisha jingine la watu wa mtaani waliokuja kuomba ushauri. Waliruhusiwa kufuga paka.

Nasoma pia madaftari ya Sista Petronila, Mhaya mwenzetu, aliyekaa katika chumba hiki hiki miaka kumi na tisa na akafa mwaka niliomaliza darasa la saba. Mistari yake ni mifupi. "Leo nimesali saa tatu. Hakuna aliyekuja. Nimeshona." Kurasa nyingi ziko hivyo. Nimempenda kuliko vitabu vyote vinene vya hapa, kwa sababu na mimi hakuna anayekuja.

Mwezi wa saba itatimia miaka miwili tangu mtumbwi wa mume wangu Audax ulipokutwa umepinduka karibu na visiwa, begi lake la spana likiwa bado limefungwa kwenye ubao. Mayenga na wavuvi wenzake, ambao Audax ndiye aliyekuwa akiwatengenezea injini, walimtafuta siku kumi na moja. Ukoo ukakaa, ukaamua, tukazika mgomba badala yake kama inavyofanywa mtu asipopatikana. Tangu siku ile nikisali nasikia maneno yangu yananirudia mwenyewe. Ndicho kilichonileta huku, Mama. Sikuwakimbia.

Nisaidie kupalilia pale kaburini. Uliniambia mjane hashuki huko mpaka miaka miwili itimie, na mila yenu nimeiheshimu. Ila sitaki paote magugu.

Mkweo na mwanao,
Dativa


Ijuganyondo
14 Machi 2025

Mwanangu Dativa,

Milele amina. Barua yako nimeisoma mwenyewe kwa miwani ya marehemu baba mkwe wako, maana yangu shemeji yako Mutembei aliikalia. Umeandika kurasa mbili na hukutaja chakula hata mara moja. Mtu akiandika hivyo najua anashinda na njaa.

Hao wanawake wako wa ukutani wamenisumbua wiki nzima. Nani aliwapelekea chakula? Nani aliwatekea maji na kuwamwagia ndoo? Nje ya ukuta ule palikuwa na mwanamke mwingine aliyepika, na sidhani kama kuna aliyeandika kitabu juu yake. Kama ni paka, hapa tunaye. Kama ni ukuta, tunao. Ukitaka kufungiwa nitakuhamishia magunia ya kahawa na kukufungia katika kile chumba cha nyuma, na ushauri nitakuja kuuliza mimi dirishani. Nakutania, mwanangu. Nyumba imekuwa kimya bila wewe, kwa hiyo nataniana na karatasi.

Mvua imeanza vizuri. Maharage ya upande wa juu wa kibanja chetu cha migomba yameota. Mutembei anakuja kila Jumapili baada ya Misa, anatembea mpaka kwenye mipaka, anarudi, anakunywa chai na kuondoka. Tangu ndugu yake aondoke amekuwa mtu wa kutazama mipaka.

Pale kwa Audax usiwe na wasiwasi. Napalilia mimi mwenyewe, na wengine wote nimewaambia wasishuke.

Mustapha atakuletea mkungu mdogo na kopo la senene, panzi wale wa mwezi wa kumi na moja tuliowakaanga pamoja. Sijui kama mbele ya Mungu senene ni nyama au la. Muulize padri wenu, na akikosa jibu wewe uzile.

Mama yako,
Immakulata


Nyumba ya Ukimya, Nshamba
Jumamosi, 5 Aprili 2025

Mama mpendwa,

Senene zimeliwa. Padri Kagaruki, mkuu wa nyumba hii, alitazama kopo, akasema swali lako ni gumu kwake, akachukua mbili.

Leo nina jambo kubwa, na naomba ulisome ukiwa umekaa. Nimeomba nisirudi. Nyumba hii inampokea mlei mmoja mmoja anayetaka kuishi hapa kwa sala na upweke mpaka mwisho wa maisha yake, na nimemwomba Padri anipokee. Chumba kitakuwa hiki hiki cha tatu. Nitafanya kazi bustanini, nitasali, na watu wakija na shida zao nitawasikiliza. Shule nitaiandikia.

Najua litakuuma. Wewe umenipenda, na sijawahi kukosa kitu mkononi mwako. Lakini tuseme ukweli. Mimi na Audax hatukujaliwa mtoto, na mrithi ni Mutembei. Siku wewe ukilala, mjane asiye na mtoto ana nini katika kibanja cha watu? Nitakuwa mgeni aliyekawia kuaga. Hapa kuna kitanda, meza na ukuta wa kanisa, na hakuna atakayeniuliza nimekaa kwa haki gani.

Padri hakunikatalia. Amesema askofu ataombwa ruhusa, na kuna mwaka mzima wa majaribio. Lakini kabla ya yote anataka uthibitisho kwamba mimi ni mjane kweli, kwa kuwa mwili haukupatikana na cheti cha kifo hatuna. Kwa kuanzia itamtosha barua ya mzazi, kwa mkono wake na mbele ya Mungu, ikisema kwamba Audax amekufa na ukoo wake ulimzika.

Ni mistari miwili tu, Mama. Naomba uniandikie.

Mkweo na mwanao,
Dativa


Ijuganyondo
Ijumaa Kuu, 18 Aprili 2025

Mwanangu,

Nimeona Mustapha amepita mara mbili na kuondoka mikono mitupu. Mkono unaniuma tangu wiki iliyopita, kalamu haishikiki. Ile barua ya Padri nitaiandika ukipona.

Kahawa zimeanza kubadilika rangi. Pasaka njema.

Immakulata


Nyumba ya Ukimya, Nshamba
Jumamosi, 26 Aprili 2025

Mama,

Mustapha ameniambia alipokuja alikukuta kibanjani ukikata majani makavu ya migomba kwa panga, na mkono ulioshika panga ni huo huo usioweza kushika kalamu.

Sijawahi kukujibu vibaya. Leo nitasema, na utanisamehe au hutanisamehe. Kwa nini unanizuia? Kama ni kazi za shamba, Mutembei aweke kibarua. Kama ni upweke, mimi pia ninao, na nimekwambia nataka kuupeleka wapi. Nimekuomba mistari miwili. Padri ananiuliza kila Jumapili kama barua imefika, na kila Jumapili namdanganya kwa ajili yako, nasema mama ni mgonjwa.

Unajua nilichokiona siku ya mazishi? Niliona wanaume wanne wazima wakibeba mgomba uliofungwa lubugo, lile gome la kuvikia wafu, kama vile mna mtu ndani. Wakauteremsha shimoni taratibu wasije wakamuumiza. Mutembei akasema, "Audax ni mzito," na watu wakalia upya. Mimi nilitaka kucheka, kisha nikataka kuingia shimoni. Tangu siku ile kila mtu ananipa pole ya mume aliyezikwa. Wewe una kaburi la kupalilia, Mama. Mimi nina ndizi iliyooza.

Nimesoma kwamba watu waliomtafuta Mungu kwa dhati, wa zamani na wa juzi, walifika mahali ambapo kila picha waliyokuwa nayo juu yake ilizimika, na kazi yao ikawa kukaa pale gizani bila kukimbilia taa. Wapo waliokaa hivyo miaka na miaka huku wakihudumia watu na kutabasamu. Mimi ndipo nilipo. Nimechoka kuwashiwa taa na watu wa nyumbani. Niache nikae.

Dativa


Ijuganyondo
9 Mei 2025

Mwanangu Dativa,

Mkono haujawahi kuniuma. Mficha maradhi kifo humuumbua, na mimi nimeumbuliwa na dereva wa pikapu.

Siwezi kuandika kwamba nilimzika Audax, kwa sababu sikumzika. Nilimpanda.

Nitakueleza yote, na usimwachie mtu mwingine barua hii kabla hujaimaliza. Mgomba unaozikwa badala ya mtu hukatwa juu ya udongo. Tunguu lake, lile la chini linalotoa machipukizi, huachwa lilipo. Sababu yake unaijua hata kama hukuambiwa: kinachozikwa lazima kioze kama mtu anavyooza, ili wafiwa wapate kumaliza. Na kazi ya kuukata ni ya wanaume.

Asubuhi ile wanaume walipokuwa wanachimba, nilimwambia Mutembei mgomba nitauchagua mimi, kwa kuwa aliyepotea nilimzaa mimi. Nani angemkatalia mama siku kama ile? Nikashuka peke yangu na jembe hadi kwenye ule mgomba mchanga uliochipua kwenye shina alilolipanda Audax mwenyewe mwaka aliokuoa. Sikuukata. Niliung'oa mzima na tunguu lake, asubuhi yote ikaishia pale. Nikapunguza mizizi, nikakata majani ya juu, nikaufunga lubugo kwa mikono yangu ili mtu asione miguu yake. Walipokuja kuubeba nilikuwa nimeukalia. Mutembei aliposema Audax ni mzito alisema kweli, maana tunguu ni zito kuliko debe la maji.

Nilijiambia hivi: kama yuko hai mahali, hata kama amepoteza kumbukumbu na yuko kisiwa cha upande wa Uganda, utachipua. Kama amekufa, utaoza. Dativa, mimi nashika jembe tangu nina miaka saba. Najua kuliko mtu yeyote kwamba tunguu likiingia udongoni linachipua, na wala haliulizi nani yuko hai na nani amekufa. Nilijua, na bado niliweka roho yangu pale. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, lakini ujinga wa mzazi mwenye uchungu nadhani anaujua Mungu peke yake.

Mwezi wa kumi na moja yalitoka machipukizi matatu. Nilipiga magoti nikashukuru, kisha nikaogopa macho ya watu, nikakata mawili. Moja nikaliacha. Ile mila ya mjane kutoshuka kaburini mpaka miaka miwili niliitunga mimi, jikoni, ukiwa unamenya ndizi. Haipo. Nilijua wewe ni mtu wa Ngenge, si wa hapa kwetu, utadhani ni mambo ya huku, na kwa heshima yako hutauliza. Ukanyamaza, ukatii, na mimi nikakuacha ubaki mbali na kaburi la mumeo kwa uongo wangu. Hilo ndilo linaloniuma, wala si mkono.

Umesema una ndizi iliyooza. Haikuoza. Ilichanua mwezi wa pili, siku chache kabla hujaondoka, na leo ina mkungu wa chane tisa. Kila asubuhi nashuka kumwamkia. Namweleza habari za Misa, za kahawa, na za kwako. Nakaa kidogo, hakuna anayejibu, napanda kuwasha moto. Ndiyo sala yangu. Naona haya kukuandikia wewe uliyesoma.

Nikiandika kwamba amekufa, lazima niukate ule mkungu. Nimeshuka na panga mara tatu. Nisamehe.

Immakulata


Nyumba ya Ukimya, Nshamba
Jumamosi, 24 Mei 2025

Mama yangu mpendwa,

Barua yako niliisoma mara tatu kanisani, na mara ya tatu nilicheka kwa sauti, ndani ya ukimya wa watu wanane, halafu nikalia. Walidhani nimechanganyikiwa. Nilikaa nayo wiki mbili kabla ya kuweza kushika kalamu. Nisamehe wewe kwanza kwa yale niliyokuandikia.

Wewe umesema lako, na mimi nina langu. Nilipofika hapa nilionyeshwa vyumba vitatu. Nilichagua hiki nikasema ni kwa sababu kiko karibu na altare. Si kweli. Ni hiki tu ambacho dirisha lake linaona ziwa. Kutoka kwenye miinuko hii linaonekana kwa mbali, mstari mwembamba, na asubuhi likitulia unaweza kuona weusi wa visiwa. Saa zote nilizokuandikia kwamba nasali, Mama, nilikuwa naangalia mitumbwi. Nilitaka nifungiwe humu ili nipate ruhusa ya kuangalia mpaka nife. Wewe ulishuka kibanjani, mimi nilipanda mlimani, na wote wawili tulikuwa tunamngoja mtu yule yule.

Nilimpelekea Padri barua yako na nikamweleza la dirisha. Aliikunja barua, akanirudishia. Halafu akasema:

"Wale akina mama unaowasoma walisomewa sala za wafu kwa ajili yao wenyewe. Wewe unataka kuzikwa badala ya mumeo. Hapa hatuziki watu, Dativa. Kaburi liko kwenu."

Nilimchukia siku mbili. Nikamkimbilia Sista Petronila, nikidhani yeye yuko upande wangu. Nilikuwa nimesoma madaftari ya kwanza tu, yale ya "hakuna aliyekuja." Nikafungua la mwisho. Kuna siku aliandika hivi: "Mvua imeshika na kahawa ya jirani iko uwanjani. Nilitoka tukaanua wote. Nimerudi nimelowa. Mungu alikuwapo, na nadhani hakuwa ameondoka." Baada ya hapo anatoka mara nyingi. Anatoka msimu wa kahawa, anatoka kwenye misiba, anarudi chumbani, anashona. Miaka kumi na tisa niliyodhani alikaa amefungiwa, mlango wake ulikuwa wazi.

Hii sala yako unayoionea haya, ya kushuka, kusema, kutojibiwa na kupanda kuwasha moto, nimeisoma katika vitabu vya watu wakubwa. Hawakuwa na zaidi ya hiyo.

Sijui bado la kufanya. Usikate kitu kwa ajili yangu.

Mwanao,
Dativa


Ijuganyondo
Ijumaa, 6 Juni 2025

Mwanangu Dativa,

Umeniambia nisikate kitu kwa ajili yako. Sasa nisikilize na mimi.

Jumapili nilimwita Mutembei na wazee wawili wa ukoo, nikawapeleka kaburini, nikawaambia nilichofanya. Wazee waliguna. Mutembei alisema mkungu ule hauliki, umetoka kwenye kaburi, uchomwe moto na mgomba ung'olewe. Nikamwuliza anadhani babu yake yuko wapi, na baba wa babu yake. Wote wamo chini ya migomba hii, na ndizi zao amekula tangu aote meno. Alikaa chini pale pale kwenye majani, akasema, "Mama, mimi nilimbeba," akalia kilio ambacho hakulia siku ya mazishi. Nikajua kwa nini alikuwa anatembea mipakani. Na yeye hakuwa na pa kulilia.

Alipotulia nikasema la pili, mbele ya wazee. Nilisema sehemu ya chini ya kibanja, kuanzia kaburi la Audax hadi mti wa mwisho wa kahawa, ni ya Dativa, awe hapa au awe Nshamba, awe na mtoto au asiwe naye. Mutembei ndiye aliyetangulia kukubali. Tumepanda miche ya mpaka siku ile ile, na yeye ndiye aliyechimba mashimo. Usidhani ni kamba ya kukuvutia. Hata mtu anayekwenda kukaa ukutani lazima awe na mahali alikotoka, asije akawa ameingia kwa kukosa pengine.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya Padri. Nimekunakilia uione:

"Kwa Padri Kagaruki. Mimi Immakulata wa Ijuganyondo naandika kwa mkono wangu, ambao hauumwi. Mwanangu Audax alikufa ziwani mwezi wa saba mwaka 2023. Mwili haukupatikana. Ukoo wake ulimzika, na mimi mama yake nimekubali leo. Mkewe Dativa ni mjane. Yuko huru mbele ya Mungu na mbele yetu. Mumlishe, huwa anasahau kula."

Nimeiandika mara nne. Tatu zimeharibika.

Mkungu nitaukata Jumamosi ijayo, tarehe kumi na nne, na tutaupika tuule wote, ndipo tumalize matanga. Unajua mkungu wa chane tisa haukatwi na mtu mmoja. Mmoja anakata na mwingine anapokea begani, usianguke ukapondeka. Nitakata mimi. Mutembei atapokea.

Kaa huko kwa amani, mwanangu. Nitakuwa nakutumia ndizi.

Mama yako,
Immakulata


Nyumba ya Ukimya, Nshamba
Jumapili ya Pentekoste, 8 Juni 2025

Mama,

Barua yako imenikuta nimeshakunja shuka. Alhamisi nilimwambia Padri kwamba naondoka, kabla sijajua kama una kipande cha ardhi cha kunipa au huna, na nataka ulijue hilo. Nilikuwa nimeamua kurudi kama mgeni.

Barua yake nimempa leo baada ya Misa. Aliisoma amesimama, akavua miwani, akaiweka barua kwenye droo ya meza yake. Amesema itakaa pale. Nikirudi siku moja kuomba chumba, nitaikuta. Nisiporudi, imeshafanya kazi yake.

Sijui kama nitarudi. Vitabu vimenisaidia, na ukimya wa hapa nitaukumbuka. Nimemwomba anipe daftari la mwisho la Sista Petronila ninakili kurasa chache, akaniruhusu. Asubuhi ya leo nilitazama ziwa kutoka dirishani kwa mara ya mwisho. Lilikuwa limetulia, na mitumbwi mitatu ilikuwa inarudi. Niliihesabu, Mama, kisha nikafunga dirisha. Audax amekufa. Nimeliandika neno hilo ili wewe usiwe umeliandika peke yako.

Padri anashuka Bukoba kesho, ndiye atakayekuletea barua hii. Mpe chai, na kama kuna senene zimebaki mpe. Mimi nitakuja Jumamosi na Mustapha, tutaondoka hapa asubuhi na mapema. Msianze bila mimi.

Mwambie Mutembei aje, akae karibu yako, lakini asipokee. Kata wewe, Mama. Bega ni langu.

Mkweo na mwanao,
Dativa